Mafuta ya kesho yameshaliwa

Sudan Kusini haijaishiwa mafuta. Visima vya Paloch, kaskazini mashariki mwa nchi, vinatoa. Vya jimbo la Unity vinatoa pia, japo kwa kusuasua, na baadhi vimezungukwa na maji ya mafuriko. Bomba lililopasuka Februari 2024 lilishatengenezwa, na Januari 2025 Khartoum ikatangaza kuwa mafuta yanaweza kupita tena hadi Port Sudan. Pamoja na hayo, walimu, wauguzi na askari wa nchi hiyo wamekaa miezi na miezi bila mshahara, na hata mshahara unapofika unakuta bei za sokoni zimeshatangulia.

Wanaotabiri uchumi wa Juba hupenda kuangalia bei ya pipa na hali ya bomba. Ni mambo ya kuangaliwa, hatukatai. Lakini pipa linalotoka ardhini leo lina mwenyewe tayari. Liliuzwa kabla halijachimbwa, fedha yake ikachukuliwa, ikatumika, na hakuna anayeweza kuonyesha yote ilikokwenda. Mpaka mtindo huo ukome, bei ikipanda atakayefaidi kwanza ni anayedai.

Wasomaji wetu wa Kagera wanaijua biashara hii kwa jina lake: butura. Kahawa ikiwa bado maua, mnunuzi anamfikia mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu, anamwachia fedha taslimu, na msimu ukifika anakuja na magunia yake. Bei aliyotoa huwa kipande tu cha bei ya mnadani. Serikali ya Tanzania imeipiga butura marufuku, viongozi wameikemea kwenye majukwaa, na bado ipo. Mkulima anajua kabisa kwamba anapunjwa. Anakubali kwa sababu ada inadaiwa kesho na kahawa haitaiva kesho.

Juba inafanya butura ya mapipa. Serikali inamwendea mfanyabiashara mkubwa wa mafuta, mwenye ofisi Geneva au Dubai, anatoa makumi ya mamilioni ya dola leo na kuahidiwa shehena ya miezi ijayo. Shehena moja ya Dar Blend, yaani mafuta ya Paloch (jina lisikuchanganye, halihusiani kabisa na Dar es Salaam), huwa na mapipa kama 600,000. Siku ya kupakia ikifika, mwenye fedha zake anakata mkopo, anakata riba, anakata ada, na mara nyingi bei yenyewe alishaipunguza tangu siku ya kukubaliana. Kinachorudi Juba ni masalia. Na kwa kuwa masalia hayalipi mishahara ya nchi nzima, shehena nyingine inawekwa rehani.

Hali haikuanza hivi. Nchi hii ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ambayo karibu asilimia 99 walichagua kujitenga, ilirithi takriban robo tatu ya uzalishaji wa mafuta wa Sudan nzima: mapipa kama 350,000 kwa siku. Kwa taifa la watu wasiozidi milioni 10 au 11 wakati ule, lisilo na deni la kutisha, ulikuwa mtaji ambao majirani wengi hawakuwahi kuuona. Kasoro ilikuwa moja, na kila mtu aliiona. Visima vilibaki kusini, bomba na bandari vikabaki kaskazini.

Januari 2012, Juba ikazima visima vyake yenyewe. Iliituhumu Khartoum kwamba inachota mafuta yake kwa kisingizio cha ada zisizolipwa. Hasira ilikuwa na msingi, lakini uamuzi ulikuwa wa gharama kubwa mno. Serikali iliyokuwa inapata takriban asilimia 98 ya mapato yake kutoka kwenye mafuta ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kuuza, hadi Aprili 2013. Katika kipindi hicho ndipo tabia ya kukopa ilipoota mizizi. Deni lililoipeleka Juba kwenye usuluhishi wa kimataifa na benki ya taifa ya Qatar chimbuko lake ni mwaka huo huo wa 2012.

Makubaliano yaliyorudisha mafuta kwenye bomba yalisainiwa Addis Ababa Septemba 2012, na yanafaa kusomwa kwa makini na yeyote anayedhani pipa ni pipa. Kwa kila pipa linalopita kwenye bomba la Paloch, Sudan Kusini ilikubali kulipa dola 9 na senti 10 za kusafisha na kusafirisha. Juu yake ikaongeza dola 15 za kuifidia Khartoum kwa kupoteza kusini, mpaka zitimie dola bilioni 3 na kidogo. Jumla ni dola 24 na senti 10, bei ya soko iwe juu au chini.

Wakati wa kusaini, mafuta ghafi ya Brent yalikuwa zaidi ya dola 100, na hesabu ilionekana kubebeka. Januari 2016 Brent ikashuka chini ya dola 28. Dar Blend ni mafuta mazito, yenye nta na asidi nyingi, na huuzwa chini ya Brent. Toa punguzo hilo, toa dola 24 na senti 10 za Khartoum, toa gharama za kampuni zinazochimba. Nchi ilikuwa inasukuma mali yake zaidi ya kilomita 1,300 hadi Bahari ya Shamu na kubaki mikono mitupu. Khartoum ilikubali kulegeza ada baadaye mwaka huo, kwa sababu hata yenyewe iliona mteja anakaribia kuzima tena.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza. Risasi za Juba za Desemba 2013 ziligeuka vita vya nchi nzima, visima vya Unity vikasimama, na uzalishaji ukaanguka hadi chini ya nusu ya ule wa siku ya uhuru. Mkataba wa amani wa 2015 ulivunjika Julai 2016. Ule wa Septemba 2018 umeshikilia kwa uzi, na tangu Machi 2025, Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais wakati huo, alipowekwa kizuizini, uzi wenyewe umekonda sana. Kampuni ya Petronas ya Malaysia, iliyokuwa humo kwa takriban miaka 30, ilitangaza kuondoka mwaka 2024. Kampuni ya aina hiyo haifungashi virago kwa mwaka mmoja mbaya. Visima ni vya zamani, vinatoa maji mengi kuliko zamani, na kuvifufua kunahitaji mtaji ambao hakuna anayetaka kuutia.

Halafu likaja tukio la Februari 2024. Nta iliyomo kwenye Dar Blend inamaanisha kwamba mafuta hayo yakipoa yanaganda. Kwa hiyo lazima yapashwe moto njia nzima, na vituo vya kusukuma vinavyofanya kazi hiyo, ndani ya ardhi ya Sudan, vinahitaji dizeli kila siku. Sudan ilikuwa vitani tangu Aprili 2023. Bomba lilipita kwenye maeneo ya jeshi na ya wapiganaji wa RSF, na dizeli ikashindwa kuvifikia vituo. Mafuta yakaganda ndani ya bomba, msukumo ukapanda, bomba likapasuka katika jimbo la White Nile. Kwa muda wa karibu mwaka mzima sehemu kubwa ya mapato ya Sudan Kusini ilikuwa imelala ndani ya chuma, jangwani, katika vita vya watu wengine.

Serikali nyingi zingeyumba kwa pigo kama hilo. Ila nchi iliyoweka akiba ingeyumba kwa miezi michache na kusimama. Sheria ya kusimamia mapato ya mafuta ya Sudan Kusini, ya mwaka 2013, inataja akaunti ya kutuliza mapato bei inapoanguka, na mfuko wa vizazi vijavyo. Inataja pia asilimia 2 kwa jimbo linalozalisha na asilimia 3 kwa jamii zinazoishi jirani na visima. Ni sheria nzuri, tumesoma mbovu kuliko hiyo. Bomba lilipopasuka hakukuwa na akiba ya kukimbilia. Agosti 2020, miaka mitatu na nusu kabla, Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imeshasema hadharani kwamba akiba yake ya fedha za kigeni imekwisha.

Fedha zilikwenda wapi? Rais Salva Kiir mwenyewe aliuliza swali hilo mwaka 2012. Aliwaandikia barua maofisa 75, waliokuwa madarakani na waliostaafu, akiwaomba warudishe takriban dola bilioni 4 zilizopotea. Nchi haikuwa imetimiza hata mwaka. Miaka 13 baadaye, Septemba 2025, tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilikadiria kwamba mafuta yameiingizia serikali zaidi ya dola bilioni 25 tangu uhuru. Ikauangalia kwa karibu mpango uitwao mafuta kwa barabara, ambao mapipa hutengwa nje ya bajeti ili kujenga lami. Kati ya dola bilioni 2.2 zilizopelekwa huko kuanzia 2021 hadi 2024, tume ilisema dola bilioni 1.7 hazina maelezo. Serikali iliikataa ripoti hiyo. Sisi tungeridhika na jibu rahisi zaidi kuliko kukataa: orodha ya barabara, urefu wake, na mkandarasi wa kila moja. Lami haifichiki.

Mwaka huo huo wa 2025 mahakama ya London iliamua kwamba Juba inadaiwa na benki ya Afreximbank zaidi ya dola milioni 650. Mkopeshaji aliyeshinda kesi ya namna hiyo hahitaji kubembeleza, anaweza kwenda kukamata mali ya mdaiwa popote itakapoonekana nje ya nchi. Mali kubwa ya Sudan Kusini inayoonekana nje ya nchi ni shehena ya mafuta.

Twende sokoni kidogo, maana hapo ndipo hesabu hizi zinapopata sura. Soko la Konyokonyo, Juba, linakula kutoka Uganda na Kenya. Unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, sabuni, vitunguu, mayai, vinapita mpakani Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi mjini. Malori yenye makontena yanatoka Mombasa. Mchuuzi anamlipa msambazaji kwa dola au kwa shilingi ya Uganda, na anamuuzia mteja kwa pauni ya Sudan Kusini. Mpaka Desemba 2015 dola moja ilikuwa rasmi chini ya pauni 3. Serikali ilipoiachia pauni ikaruka hadi 18 na nusu kwa siku moja, na miaka hii inahesabiwa kwa maelfu. Kwa hiyo mwenye duka hawezi kubandika bei ya asubuhi akategemea itafika jioni. Mafuta yasipouzwa hakuna dola, dola ikikosekana pauni inaanguka, na pauni ikianguka ndoo ya mafuta ya kupikia inapanda kabla mama hajafika sokoni. Mwaka 2025 watu milioni 7.7, zaidi ya nusu ya wananchi, walikuwa na njaa ya kiwango cha kuhitaji msaada.

Majirani nao wameumia. Benki za Kenya zilizofungua matawi Juba kwa matumaini zimeona faida zao zikiyeyuka kila pauni inapoanguka. Madereva wa Kenya na Uganda wameuawa njiani, na wengine kutozwa kodi zisizo na risiti. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Sudan Kusini kwa mkataba uliosainiwa Dar es Salaam Aprili 2016, wakati mkataba wa amani wa 2015 ukiwa mchanga, na tangu hapo Jumuiya imekuwa na kazi ya kudai michango isiyolipwa. Tulifurahia bendera mpya Arusha. Hatukuuliza vitabu vya hesabu.

Sasa tunasikia tena kwamba dawa ni bomba jipya. Wazo lina umri mrefu. Tarehe 2 Machi 2012 Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir na Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua pamoja Lamu mradi wa bandari, reli, barabara na bomba. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Bomba la Juba halijaonekana. Djibouti nayo imetajwa, kupitia Ethiopia. Mwaka 2012 hoja ya Lamu ilikuwa na nguvu. Leo bomba la mabilioni ya dola linahitaji mkopeshaji anayeamini kwamba mapipa yatatosha kwa miaka 20 na kwamba hayajaahidiwa mtu mwingine. Juba haiwezi kumhakikishia lolote kati ya hayo mawili. Bomba jipya pia lingepeleka mafuta yale yale yaliyokwishauzwa, kwa njia nyingine tu.

Tunachotaka kuona kwanza ni kitu cha bei rahisi kuliko bomba. Serikali itangaze tarehe ambayo baada yake hakuna shehena itakayouzwa kwa malipo ya awali, na kila shehena itangazwe mnadani: mapipa mangapi, nani kanunua, kwa bei gani, fedha imeingia akaunti ipi. Akaunti iwe moja, Benki Kuu. Madeni yaliyopo yaorodheshwe yote, hata yale ya aibu, kisha wadai waitwe mezani. Ahadi ya kuacha kuuza mafuta kabla hayajachimbwa imeshatolewa zaidi ya mara moja, hata kwa Shirika la Fedha Duniani, IMF. Ilivunjwa kila mara kwa sababu haikuwa na tarehe wala macho ya watu juu yake.

Tutaulizwa: askari watalipwa nini katika miezi ya kusubiri? Swali ni la haki, maana askari asiyelipwa mwenye bunduki ni hatari kuliko mwalimu asiyelipwa. Lakini askari hao hawalipwi hata sasa, na mapipa yanaendelea kuuzwa kabla ya wakati. Wafadhili wakiona vitabu wazi wanaweza kusaidia kuvuka miezi hiyo. Wakiona vitabu vimefungwa wataendelea kupeleka magunia ya chakula na kuinyima hazina fedha, na hatuwezi kuwalaumu. Uchaguzi uliosogezwa hadi Desemba 2026 unaifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi, kwani hakuna msimu ambao serikali hupenda kukopa kama msimu wa kura.

Kuhusu kilimo tuseme kwa kifupi. Kila ripoti huandika kwamba ardhi ya Sudan Kusini ni ya rutuba na kwamba inayolimwa ni asilimia 4 au karibu na hapo. Ni kweli. Nchi yenye Mto Nile, mifugo kwa mamilioni na mvua za Ikwetoria inanunua vitunguu Uganda. Lakini hakuna atakayelima Yei, kusini mwa nchi, wakati barabara ya kupeleka mazao ina vizuizi na wenye bunduki kila baada ya kilomita chache. Kilimo kitafuata amani na barabara, na barabara ndizo zile ambazo fedha zake hazina maelezo.

Tunayaandika haya tukijua kwamba Uganda imo mbioni. Visima vya Tilenga na Kingfisher, vya TotalEnergies na CNOOC, vimekusudiwa kufikia mapipa 230,000 kwa siku, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima limekusudiwa kuyafikisha Tanga. Mafuta ya Uganda nayo yana nta, na bomba lake nalo lazima lipashwe moto njia nzima. Tofauti ni kwamba linapita katika nchi mbili zenye amani na kwa bei ya kusafirisha iliyokubaliwa mapema. Kwa upande wa chuma na udongo, Kampala imejipanga vizuri kuliko Juba ilivyowahi kuwa.

Kwa upande wa fedha hatuna uhakika huo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 iliunda mfuko wa mafuta, ukaanza kupokea kodi za kampuni. Fedha zake zilichotwa kuziba bajeti kabla hata pipa moja halijauzwa nje. Kisheria ilikuwa halali, Bunge liliidhinisha. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi, kwamba ilikuwa rahisi hivyo. Deni la Uganda limekua katika miaka ya kusubiri mafuta, na wafanyabiashara wa Geneva wanajua njia ya Kampala kama walivyoijua ya Juba. Watakuja na fedha taslimu, heshima nyingi, na karatasi ya kusaini.

Bunge la Uganda liandike sasa katika sheria, bila kifungu cha dharura kinachomwachia waziri mlango, kwamba hakuna pipa litakalouzwa wala kuwekwa rehani kabla halijafika kwenye matangi ya Chongoleani, Tanga. Na Tanzania, ambayo matangi hayo yako kwenye ardhi yake na ambayo ina sheria yake ya mapato ya mafuta na gesi ya mwaka 2015, iangalie kama kifungu cha namna hiyo kimo kwenye vitabu vyake yenyewe.